Wimbo Usio na Kabila: Mwenda Jean Bosco na Maana ya Muziki wa Kienyeji

Mwanafunzi anayekwenda kukusanya nyimbo kwa ajili ya kazi ya fasihi simulizi hubeba fomu. Juu yake kuna nafasi ya jina la mwimbaji, umri, mahali, tarehe, lugha na kabila. Nafasi hiyo ya mwisho ndiyo inayonipa taabu. Mtu aliyezaliwa Katuba, ambaye mama yake pia alizaliwa Katuba, na ambaye lugha ya kwanza aliyoisikia ni Kiswahili cha Lubumbashi, akiniimbia wimbo wa Kiswahili, niandike nini hapo? Wengi wetu huacha nafasi tupu, au huandika kabila la babu yake, hata kama wimbo wenyewe hauna neno moja la lugha ya babu huyo. Wengine huuacha wimbo palepale, hupanda basi na kwenda kijijini kutafuta wimbo wa kweli.

Nataka kuutetea wimbo huo ulioachwa. Sitautetea kwa sababu ni mzuri tu, ingawa mara nyingi ni mzuri. Nautetea kwa sababu fomu ile, bila kusema wazi, inatangaza kwamba watu wa mjini wana lugha lakini hawana nyimbo zao. Mwanafunzi wa lugha hapaswi kuipitisha hukumu kama hiyo bila kuipima. Nitaipima kwa waimbaji ninaowapenda, wa kwanza wao akiwa Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya na mpigaji gitaa.

Tuanze na maneno

Kiswahili kina maneno matatu yanayotumika kwa muziki huu, nasi huyabadilishana kana kwamba ni kitu kimoja. Asili tuliipokea kutoka Kiarabu, na ndani yake mna maana ya mzizi na chimbuko. Anayesema muziki wa asili anauliza: umetoka wapi? Jadi nayo ni ya Kiarabu, na ndani yake amekaa babu. Anayesema wimbo wa jadi anauliza: mmerithi kwa nani? Neno la tatu, kienyeji, limejengwa juu ya mwenyeji, yaani mtu aliye kwake, anayepokea wageni badala ya kupokelewa. Hilo linauliza swali tofauti kabisa: anayeimba yuko kwake?

Tazameni kuku wa kienyeji sokoni. Hakuna mnunuzi anayeuliza babu yake alitoka wapi. Inatosha kwamba amekulia uani, anajitafutia chakula, na mchuzi wake una ladha. Sijui kwa nini tunamwonea ukali mwimbaji kuliko tunavyomwonea kuku.

Sisi Wakongo tuna neno la nne, folklori, tulilolipata kupitia Kifaransa. Hilo lina sura mbili. Kwenye sherehe za serikali, kikundi cha folklori ni wachezaji waliovaa majani na ngozi, wenye ngoma, wanaowakilisha kabila fulani mbele ya wakubwa waliokaa kivulini. Lakini mtu akisema kwa Kifaransa kwamba jambo fulani ni folklori tu, maana yake ni kwamba jambo hilo si la kuchukuliwa kwa uzito. Neno lenyewe linaheshimu na kudharau kwa pumzi moja, na nafikiri ndiyo maana wapigaji gitaa wengi wa mjini hawakulipenda.

Wataalamu nao walijaribu kukata shauri. Baraza la Kimataifa la Muziki wa Folk, lililoanzishwa London mwaka 1947, lilikutana São Paulo mwaka 1954 na kupitisha maelezo ambayo bado yanafundishwa. Kwa ufupi, walitaja mambo matatu. La kwanza ni mwendelezo, unaofunga leo na jana. La pili ni mabadiliko, yanayotoka katika ubunifu wa mtu mmoja au wa kikundi. La tatu ni uteuzi, yaani jamii yenyewe huamua kipi kibaki na kipi kife. Tena wakakubali jambo ambalo wakusanyaji wengi husahau, kwamba wimbo uliotungwa na mtu mmoja anayejulikana unaweza kuwa wa folk, ikiwa jamii imeuchukua na kuufinyanga upya. Walichokikataa ni wimbo uliopokelewa ukiwa tayari umepikwa na kubaki vilevile bila kuguswa.

Hakuna kijiji katika maelezo hayo, wala kabila, wala ngozi ya mnyama. Kinachotazamwa ni kazi inayofanyika ndani ya vinywa vya watu.

Mwenda na nkambo wangu

Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika mji mkuu wa Wayeke. Wayeke wenyewe ni uzao wa wafanyabiashara waliokuja kutoka Usumbwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, pamoja na Msiri, aliyeuawa mwaka 1891. Kwa hiyo hata huko kwenye asili tunakopelekwa na fomu, tunakuta wageni waliogeuka kuwa wenyeji. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Mwenda Jadotville, mji tunaouita Likasi tangu 1966. Rekodi za siku zile, hasa ile iitwayo Masanga, zilisambaa mbali. David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu wa upigaji wake mwanzoni mwa miaka ya 60. Mwenda alikwenda Nairobi, kama alivyofanya Edouard Masengo, ndugu yake katika ufundi na katika ukoo, na wapigaji wa Kenya ya magharibi wakawasikiliza wote wawili kwa makini. Wakati wa siasa ya uhalisi jina la Jean Bosco likawekwa pembeni, akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani.

Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea chini kwa hatua za mtu asiye na haraka, na kidole kinacheka juu yake. Atakayemsikiliza kwa mara ya kwanza atadhani ni magitaa mawili. Losta Abelo, ambaye nampenda karibu sawa na Mwenda, ana mkono mzito zaidi na sauti kavu zaidi, na kwake nasikia uani, chupa ya soda ikigongwa kwa mdundo wa kubaki ileile mpaka mwisho. Masengo ni mlaini, anajua kuwa kuna watu wanamtazama. Ningeweza kuandika kurasa nyingi juu ya tofauti zao, lakini nirudi kwenye fomu.

Nkambo wangu huimba wimbo mmoja wa Mwenda anapotwanga sombe. Nilipoanza kuusikia sikujua ni wa Mwenda, naye hajui hata sasa. Nilimwuliza: "Nkambo, hii wimbo ni ya nani?" Akasimamisha mchi, akanitazama kama mtu aliyeulizwa mvua ni ya nani. "Ni ya batu bote. Hata mama yangu alikuwa anaimba." Baadaye, nilipoupata wimbo wenyewe katika rekodi, niliweza kulinganisha. Kwake ubeti mmoja umepotea kabisa. Mahali pake ameweka majina ya wadogo zake, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Sauti inapanda mahali ambapo gitaa linashuka. Na lugha imehama.

Hapo kwenye kuhama kwa lugha ndipo penye utamu kwa watu wa fani yetu, na naomba nikae kidogo.

Wimbo wa Kiswahili unaotoka mashariki, au unaotungwa kwa Kiswahili cha santuri na redio, ukiingia vinywani mwa watu wa Lubumbashi hauwezi kubaki ulivyo. Watu inakuwa batu, mtu inakuwa mutu, kitambaa inakuwa kitambala, ambamo ile l iliyoanguka pwani bado imesimama. Ukihesabu silabi utaona kwamba hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Ki-ta-mba-a ni nne, na ki-ta-mba-la ni nne. M-tu ni mbili, mu-tu ni mbili. Gitaa halitambui kwamba kuna kilichobadilika.

Kinachonifurahisha zaidi ni mahali. Kiswahili sanifu husema nyumbani, sokoni, mjini, kwa kuongeza -ni mwishoni. Sisi huweka mu mwanzoni: mu nyumba, mu soko, mu muji. Mtu angetegemea kwamba mabadiliko makubwa hivyo, kutoka kiambishi tamati kwenda neno la mbele, yangevunja mdundo wa wimbo. Hayavunji. Nyumbani ina silabi tatu na mkazo uko kwenye ya pili: nyu-MBA-ni. Mu nyumba nayo ina silabi tatu, na kwa kuwa mkazo wetu daima hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, unaangukia tena kwenye ya pili: mu-NYU-mba. Jaribuni so-KO-ni na mu-SO-ko. Jaribuni jina lolote la silabi mbili au zaidi linalokubali -ni, itakuwa hivyohivyo. Lahaja mbili zilizoachana katika sarufi zinakutana tena juu ya mdundo, na wimbo unavuka kutoka moja kwenda nyingine bila kulipa ushuru.

Lakini kuna mahali ushuru unalipwa. Ndiyo na ndiye za msisitizo zina silabi mbili, na kwetu zimekuwa njo, silabi moja. Hapo mwimbaji hana budi kuvuta irabu, au kuchomeka neno dogo, tena ama paka, ili kuziba pengo. Amekufa ina silabi nne, na alishakufa ina tano. Hapo lazima kitu kibanwe. Ukisikiliza watu tofauti wakiimba wimbo uleule, sehemu hizi ndizo zinazotofautiana kati ya mtu na mtu, kwa sababu kila mmoja amejitafutia njia yake ya kutoka. Pale pasipo na ushuru wote huimba karibu sawa.

Hayo ndiyo mabadiliko waliyoyataka watu wa São Paulo, na hatuhitaji kuyakisia. Yanahesabika. Wimbo uliopita katika vinywa vingi una alama zake, kama mpini wa jembe ulivyo na alama za viganja, na alama hizo ziko hasa pale ambapo lugha ya watungaji na lugha ya waimbaji hazikulingana.

Sasa tazameni kichekesho. Kijana anayejifunza Masanga kutoka kwenye rekodi, akihangaika miezi mingi mpaka kila noti ikae mahali ilipokaa mwaka 1952, amefanya kazi ya kuheshimika sana, lakini kwa maelezo yale hafanyi muziki wa kienyeji. Anatunza kitu kisibadilike. Nkambo wangu, anayeimba "vibaya", ndiye anayeufanya. Mimi nawapenda wote wawili, lakini fomu yetu ingempokea kijana yule kama msanii na ingemwacha nkambo nje.

Ala si kipimo

Wapo watakaosema: basi tatizo ni gitaa, limeletwa na Wazungu. Hoja hii inasikika sana. Mtazameni Hukwe Zawose, Mgogo wa Tanzania aliyefariki mwaka 2003. Hakuna anayebisha kwamba alikuwa mwimbaji wa asili. Alipiga ilimba na zeze, alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Lakini alitunga nyimbo zake mwenyewe, alizunguka dunia, na alirekodi kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Mwenda alitunga nyimbo zake mwenyewe, alisafiri, alirekodi. Kinachowatenganisha ni mti na nyuzi walizoshika mkononi. Tukikubali kipimo hicho, tutamweka wapi mpigaji wa likembe wa Konono Nambari 1 ya Kinshasa, ambaye ala yake ni ya mababu wa Bazombo lakini imeunganishwa na umeme na maikrofoni zilizotengenezwa kwa vipuri vya magari? Ala inafaulu mtihani, waya unaanguka.

Marekani walikuwa na kipimo kingine. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kwenye Tamasha la Folk la Newport. Kule, neno folk lilikuwa limekwisha kuzoeleka kwa mtu mwenye gitaa lisilo na umeme, na wengi wanakumbuka zogo la 1965 Bob Dylan alipopanda jukwaa lilelile na gitaa la umeme. Kwa kipimo cha Newport, gitaa ndilo lililomfanya Mwenda awe wa folk. Kwa kipimo cha fomu yetu, gitaa lilelile ndilo lililomnyima. Sioni sababu ya kuamini mojawapo.

Na kama mji wenyewe ndio unaoonekana adui wa kienyeji, someni kitabu cha Mitchell cha mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela, huko ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wabisa walicheza siku ya Jumapili wakiwa wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, ngoma zao zikiwa mapipa ya mafuta yaliyovikwa ngozi ya ng'ombe. Waliimba kwa Kibemba cha mjini, wakijisifu wao na kuwatania makabila mengine. Kabila lilikuwepo, tena kwa kelele, lakini lilikuwepo kama mada ya mzaha wa mjini. Nyuma ya kalela kulikuwa na mbeni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Afrika Mashariki kutokana na bendi za kijeshi, ikasafiri na askari mpaka Katanga. Ranger aliandika historia yake mwaka 1975. Na leo, Lubumbashi, pipa la mafuta limerudi. Vijana wa karindula wamelivika ngozi ya mbuzi, wakalitia shingo ndefu na nyuzi nne, wakapata banjo kubwa kuliko mpigaji wake, na wanaimba kwa Kiswahili na Kibemba matanga na harusi za mitaa yetu. Nikiulizwa mwendelezo uko wapi, nitaonyesha pipa hilo.

Bei ya neno

Mpaka hapa inaweza kuonekana ni ubishi wa majina. Lakini jina hili lina bei, na kuna walioilipa. Mwaka 1939, Johannesburg, Solomon Linda, Mzulu, alirekodi wimbo wake Mbube kwa kampuni ya Gallo. Santuri ilifika Marekani, ikamfikia Pete Seeger, naye akaudhani ni wimbo wa jadi usio na mtungaji. Kundi lake, The Weavers, likauimba, na baadaye wengine wakautia maneno mapya ya Kiingereza na kuupeleka dunia nzima. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Ilichukua mpaka mwaka 2006 kwa binti zake kufikia mapatano na wenye haki za wimbo huo. Kuitwa wa jadi kulikuwa sawa na kuambiwa huna mwenyewe.

Karibu na sisi zaidi, Malaika. Nusu ya Afrika inaujua kama wimbo wa watu, lakini Fadhili William wa Kenya na Adam Salim wa Tanzania kila mmoja alidai ni wake.

Kwa hiyo anayetetea nyimbo za mjini, kama ninavyofanya, anapaswa kuwa mwangalifu. Nikiandika katika fomu kwamba wimbo wa nkambo ni wa kienyeji na kuishia hapo, nimemfanyia Mwenda kile walichomfanyia Linda. Nikiandika kwamba ni wa Mwenda na kuishia hapo, nimefuta majina ya wadogo wa nkambo, sauti iliyopanda, na miaka sabini ya kutwanga. Yote mawili ni kweli kwa pamoja: wimbo una mtungaji, na wimbo ni wa watu. Kwa haki ya malipo, Mwenda na warithi wake. Kwa haki ya kuubadilisha jikoni, yeyote mwenye mchi.

Kwa kazi yangu ya mwaka huu nimetengeneza fomu nyingine. Kabila limeondoka. Mahali pake nimeweka maswali manne: nani alitunga, kama anajulikana, mwimbaji aliusikia wapi mara ya kwanza, na kwa nani, anauimba akifanya nini, na maneno gani hayafanani na yale ya rekodi au ya mwimbaji mwingine niliyemsikia. Swali hilo la nne huchukua ukurasa mzima, na ndilo la isimu. Namba za silabi naziandika pembeni kwa penseli.

Mwalimu mmoja aliyeiona fomu hiyo aliniuliza nitafanya nini na nyimbo za karindula, ambazo mwimbaji hutaja majina ya waliotoa pesa jioni ile, na kesho yake majina yanakuwa mengine. Je, hayo ni mabadiliko ya aina ya São Paulo au ni biashara tu? Nimekwisha kusikiliza jioni mbili. Majina hubadilika, lakini mahali pa jina ndani ya mstari hapabadiliki, na jina fupi huvutwa, refu hukatwa, mpaka litoshee. Mtu aitwaye Kasongo huingia bila shida. Wenye majina ya Kifaransa ndio wanaomtoa mpigaji jasho.